Suti ya Baba

Mshika mawili, moja humponyoka. Wapo wanaodhani wahenga walikuwa wakizungumzia vitu vya kubeba mikononi tu. Thubutu! Hata masikio yana mzigo wake, na Honorata alilijua hilo maji yakiwa yamekwisha mwagika.

Honorata, mzaliwa wa Bukoba, aliishi Temple Hills, huko Marekani, na kufanya kazi ya kuwahudumia wazee wasiojiweza kule Oxon Hill. Hakujua kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Akila, anaendesha gari, akisali, anakunja nguo, wazazi wakimpigia simu, anaibana begani huku akikata mboga na kuitikia, "Ee, sawa, sawa." Nyaguthii, Mkenya waliyepanga naye nyumba, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Wewe dada," alimwambia mara nyingi, "siku moja utaitikia kitu hukijui." Honorata alicheka tu. Marekani, alijibu, anayefanya moja moja hulala njaa.

Mwaka 2006 baba yake alifariki. Mzee huyo hakuwahi kuvaa suti maishani mwake, na binti alikuwa amemwahidi kwamba ya kuzikiwa ataileta yeye, kwa mkono wake mwenyewe. Basi maziko yakamngoja, kama ilivyo desturi mtoto wa kwanza akiwa ng'ambo.

Asubuhi ya safari sebule ilijaa mabegi. Honorata alikuwa akiipiga pasi suti nyeusi, jicho moja kwenye kola, la pili kwenye saa ya ukutani, simu begani. Aliyepiga alikuwa baba yake mdogo, Ferdinand.

"Mwanangu, jenereta ya chumba cha maiti imekufa. Wazee wanataka tumzike kesho, tusikungoje. Ukikataa, tutamhamishia Mwanza akusubiri. Tumzike?"

"Sawa, baba mdogo, sawa," alijibu, akinyunyizia kola maji.

"Umenisikia vizuri, Honorata?"

"Nimesikia. Tutaonana."

Nyaguthii alichungulia kutoka jikoni. "Wanasemaje nyumbani?"

"Aa, mambo ya jenereta tu."

Jioni hiyo akapanda ndege. Suti hakuitia begini isije ikajikunja. Aliipakata safari nzima kama mtoto mchanga. Alipofika nyumbani, vijana walikuwa wakishusha turubai, na wanawake wakisugua masufuria. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba, palikuwa na tuta la udongo mbichi.

"Baba yuko wapi?" aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa yamekwisha kuona.

Mama yake alikuja akasimama mbele yake. Hakumkumbatia.

"Simu ilikuwa kwenye spika, Honorata. Ukoo mzima ulisikia. Uliulizwa, ukasema sawa."

"Mama, mimi si..."

Alitaka kusema hakusikia, akakumbuka kwamba hata hilo aliulizwa. Akaketi chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti, na hakuna aliyekuja kumwinua.

"Mmemvika nini?" aliuliza hatimaye.

"Shati lake la kanisani," mama alijibu. "Lile lenye kiraka kolani."

Suti ilikuwa bado mikononi mwake, haina kunyanzi hata moja. Pasi ilifanya kazi yake barabara, sikio halikufanya. Kweli, mshika mawili, moja humponyoka.