Hesabu Ilipofika Kumi

Kulikuwa na dada mmoja wa huku kwetu Same, tumwite Nakijwa, aliyepata kazi ya kulea watoto wadogo huko Ufini. Nchi ya baridi ile, acheni mchezo! Kilichomtesa zaidi ni lugha. Akaamua kuanza na nambari, akazikariri akipika, akifua, mpaka zikawa zinamtoka kama maji: yksi, kaksi, kolme...

Kule watoto hupelekwa msituni kucheza hata theluji ikianguka, na kabla ya kurudi huhesabiwa kwa sauti. Siku moja wakapeleka watoto kumi, na kuhesabu akapewa Nakijwa. Basi akakimbiza ulimi, macho kwa mwenzake, mama mtu mzima wa Kifini, aone kama atasifiwa. Alipotamka kymmenen, yaani kumi, yule mama akampigia makofi. Nakijwa akarudi kifua mbele.

Walipovua makoti, kulabu moja ikabaki tupu.

"Yhdeksän," akasema yule mama, rangi imemtoka. Tisa. Na wajuzi wa lugha ile husema ndani ya tisa yao wazee waliweka maneno haya: kumi kasoro mmoja.

"Lakini Mama, nilihesabu!"

"Uliwaangalia watoto, au ulitaja nambari tu?"

Mngemjibu nini, wapendwa? Nakijwa akatoka mbio bila kofia, theluji magotini, analia, anaita. Mtoto wa watu! Nitamwambia nini mama yake? Akaita tena.

Akamkuta nyuma ya rundo la kuni, kiatu kimenasa kwenye mizizi, anatetemeka, lakini mzima. Akamkumbatia, halafu akamfokea: "Mbona hukuita? Si tulikuwa hapa hapa!"

Mtoto akasema, "Nilitaka kuita. Halafu nikakusikia umefika kumi. Nikajua mmetimia."

Jamani! Na sisi je? Kila Jumapili tunatangaza kanisa limejaa, tunapigiana makofi. Yule mama mjane wa benchi la dirishani yuko wapi? Nani amemwona tangu Pasaka? Tunasema amepotea. Huenda yuko hapo nje tu, amenasa, alikuwa anataka kuita, akatusikia tunavyoimba kwamba tumetimia.

Hapana, msiseme amina bado. Geuka kwanza, mwangalie aliye kando yako. Kisha uniambie nani hayupo.