Kanisa Lililoshuka Mlima

Kanisa la Bethania limekaa juu ya kijiji chetu cha Cwmhelygen, huko Wales, kama kofia iliyovaliwa upande. Waliolijenga walikuwa wachimba makaa, watu walioshinda siku sita chini ya ardhi, na siku ya saba walitaka kuwa juu kabisa, jirani na mawingu. Hakuna wa kuwalaumu. Tatizo ni kwamba walipokufa walizikwa na magoti yao, wakatuachia mlima. Njia ya Bethania ni kali kiasi kwamba hata kondoo, ambao hawana kazi nyingine duniani ila kupanda, husimama katikati wakijifanya wanatazama mandhari.

Kanisa hilo huingiza watu mia sita. Mwaka wa kisa hiki walikuwa wakikaa kumi na mmoja, tena ukimhesabu mbwa wa Olwen, mpiga kinanda. Makao makuu ya dhehebu yalikuwa yamekwisha kutoa neno: mjumbe angefika msimu wa majani kuchipua, atazame kama Bethania ina kazi yoyote inayowafanyia watu wa kijiji. Ikionekana haina, mlango utafungwa na jengo litauzwa. Tajiri mmoja wa jiji la Cardiff alikuwa ameshakuja kupima kuta. Alitaka kuligeuza kuwa ukumbi wa mchezo wa kukwea kwa kamba.

Neno hilo lilimkaa shemasi mkuu kama mwiba wa samaki kooni. Jina lake Tegwyn, lakini kwetu jina la ubatizo halitoshi, maana kila ukitupa jiwe humpata Tegwyn mmoja. Huyu aliitwa Tegwyn Mtambo, kwa kuwa ujana wake wote aliendesha mtambo wa kuwashusha wachimbaji shimoni na kuwapandisha. Alikuwa mrefu kama mlingoti, ameshavuka miaka themanini, na mkewe Beti alilala katika makaburi ya nyuma ya kanisa.

"Nilimwahidi Beti nitamtembelea kila Jumapili," alisema. "Sasa nimtembelee nikipita katikati ya watu wanaoning'inia kwenye kamba kama nyama buchani?"

Basi wakahangaika. Tegwyn alishikilia kwamba kinachokosekana ni vijana, na kwamba vijana hupenda kelele. Wakanunua ngoma za bendi, seti nzima, na matoazi yake. Wakabandika tangazo. Jumapili ya kwanza hakuja kijana hata mmoja. Jumapili ya pili akaja mmoja, akauliza kama ngoma zinauzwa.

Hapo ndipo mchungaji wao alipochoka kunyamaza. Mchungaji Lowri alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye makanisa sita ya kulea na gari moja la kuyafikia, na kwa hiyo hakuwa na muda wa kupoteza. Jioni moja ya mvua alikuja katika chumba cha nyuma cha kanisa, akasogeza birika la chai, akatandaza mezani karatasi zilizojaa tarakimu.

"Hizi ni takwimu za sensa ya kata yetu," alisema. "Mtu yeyote anaweza kuzipata. Nimezisoma kama mtu anayesoma barua ya mchumba."

"Mchungaji, mimi nimezaliwa hapa," Tegwyn alijibu, akikunja mikono. "Serikali inihesabie watu wangu? Mimi nawajua mpaka paka zao."

"Vizuri. Basi niambie, Mzee Tegwyn, vijana uliowanunulia ngoma wako wapi?"

"Wapo."

"Wapo Cardiff. Wapo Bristol. Hapa, theluthi moja ya nyumba zina mtu mmoja tu ndani, tena wengi wao ni wazee. Katika kila nyumba kumi, karibu nne hazina gari. Na watu wazima saba ukiwapanga foleni, mmoja wao anamuuguza mtu wake nyumbani, bila malipo wala mapumziko."

Olwen, aliyeitwa Olwen Keki kwa sababu ya keki zake za kikaangoni zenye zabibu, aliweka kikombe chini. "Na dini? Wameandika nini kwenye dini?"

"Karibu nusu wameandika hawana dini."

"Si nilisema!" Tegwyn alipiga meza. "Wapagani!"

"Subiri, mzee wangu, usiwahi kufurahi. Waliobaki, waliojiandika kwa mkono wao wenyewe kuwa ni Wakristo, ni mamia. Mamia! Kanisa lenye mlango wazi kijiji hiki ni moja tu. Sisi hapa tuko kumi na mmoja. Hao wengine wamekwama wapi?"

 Lowri akakunjua ramani ya kata, akaweka kidole chini kabisa, kwenye mtaa wa Glanrafon ulio kando ya mto. Huko ndiko tarakimu zote zilikolundikana: wasio na gari, wanaoishi peke yao, wanaouguza. Na basi la kijiji, kila mtu alijua, Jumapili halipandi.

"Mlango uko wazi," Tegwyn alisema hatimaye, lakini sauti ilikuwa imepungua unene. "Anayemtaka Mungu atapanda."

"Wewe Tegwyn!" Olwen akafoka. "Mimi mwenyewe nikipanda huu mlima, nikifika juu nimeshaonana na Mungu tayari, amenirudisha nije nipige kinanda!"

Lowri hakucheka, ingawa midomo ilimwasha. "Ujana wako wote uliwashusha watu shimoni, Mzee Tegwyn. Leo kushuka mwenyewe mpaka mtoni kunakushinda? Karatasi hizi zinanionyesha mtaa. Majina hazina. Kuyapata majina ni lazima twende tukabishe hodi. Tusihubiri. Tuulize tu: Jumapili ni nini kinachokushikilia?"

Wakagawana nyumba. Olwen, kwa uchokozi wake, akahakikisha upande wa Tegwyn una nyumba ya Ceinwen.

Sasa, Ceinwen alikuwa ndiye nguzo ya alto, ile sauti ya pili ya wanawake, katika kwaya ya Bethania. Miaka sita nyuma, katika mazoezi ya tamasha la nyimbo, Tegwyn alimwambia mbele ya watu wote kwamba alto zake zinajiburuta kama behewa la makaa lenye gurudumu bovu. Muda mfupi baadaye Ceinwen akaacha kuja. Tegwyn akasema amesusa. Na asusaye hubembelezwa na nani? Tangu hapo akimwona barabarani alivuka upande wa pili, akijifanya anasoma vibao vya maduka.

Alipiga moyo konde, akabisha hodi. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye mikono iliyolowa na nywele zilizosahau kitana.

"Aa, Tegwyn Mtambo. Umekuja kuomba radhi au umepotea njia?"

"Nimekuja kuuliza," alisema, akikanyagana miguu kama mtoto wa shule. "Jumapili ni nini kinachokushikilia?"

Ceinwen hakujibu. Alifungua mlango wote. Ndani, kwenye kiti cha karibu na moto, alikaa mumewe Wyn, aliyewahi kuwa mchezaji wa raga mwenye shingo kama kisiki. Alikuwa amevaa koti la mvua, amelifunga vifungo vyote, anangoja gari la kwenda mgodini. Mgodi huo ulifungwa kabla barabara ya lami haijafika Glanrafon.

"Ni huo ugonjwa wa kusahau," Ceinwen alisema taratibu. "Lile behewa lako, Tegwyn, lilinikasirisha wiki mbili. Miaka yote iliyobaki nimekuwa nikimvua Wyn koti."

Tegwyn alihisi uso ukimwaka. "Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Neno hilo lilimwingia barabara. Alikaa. Akaletewa chai, akainywa ikiwa ya moto vilevile, apate kisingizio cha machozi kumlengalenga. Ceinwen akamweleza kwamba Wyn hawezi kuachwa peke yake hata nusu saa, na kiti cha magurudumu hakisukumiki kwenda mlimani. Nyumba ya nne kutoka hapo yupo Mair na mama yake, hali ni hiyohiyo. Ng'ambo ya barabara yupo mzee Elfed, mapafu yake yamejaa vumbi la makaa. Ngazi tatu zinammaliza. "Wote tunaimba, kila mtu jikoni kwake," alisema. "Mahali pekee Wyn anapokubali kwenda ni klabu ya raga ya hapa mtoni. Humo hutulia kama mtoto aliyeshiba."

Tegwyn alirudi juu akiwa na jibu asilolitaka. Klabu ya raga, yenye baa ndani! Katika chumba cha nyuma cha kanisa kilitundikwa kiapo cha waasisi, kwamba hakuna mtu wa Bethania atakayevuka kizingiti cha nyumba ya kileo, na jina la tatu lilikuwa la babu yake. Alisimama mbele ya kiapo hicho, akalisoma tena jina la babu. Kisha akatoka, akaenda nyuma ya kanisa kwa Beti. Walizungumza nini hatujui, lakini aliporudi alimpigia Lowri simu, akasema kwa kifupi, "Nakwenda. Usinifuate."

Mlango wa klabu ulijengwa na watu wafupi. Tegwyn, aliyekuwa hajapata kuupita, aligonga paji la uso, akarudi nyuma, akatazama juu, kisha akainamisha kichwa na mabega, akaingia.

Deiniol, msimamizi wa baa, aliacha kufuta glasi. "Tegwyn Mtambo! Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Jumapili alasiri hapa pana nani?"

"Mimi na nzi."

"Tunaomba nafasi ya ibada."

Deiniol alicheka mpaka akashika kaunta, akaona mwenzake hacheki, akajifuta machozi. "Ibada. Hapa. Na yale mabomba ya bia mtayatazama mkiomba?"

"Utayafunika."

"Nikiyafunika watasema nimefilisika." Akafikiri kidogo. "Mama yangu alikuwa Mbethania, unajua. Alipopata ugonjwa wa miguu hakuna aliyeshuka. Haya. Sitaki pesa. Ila mkono mtupu haulambwi: nataka keki za Olwen, za moto."

Jumapili ya kwanza klabuni Tegwyn alipanga viti, akavipangua, akavipanga tena. Alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuwa nayo Bethania, maana kule viti vitupu alishavizoea. Hapa, kama hakuna atakayekuja, kijiji kizima kingejua. Saa ya ibada ikakaribia. Wa kwanza akawa Elfed, pumzi zikimlia kama filimbi. Akafuata Mair akimsukuma mama yake. Wakaja wengine na mikongojo, wengine wameshikana mikono na majirani waliosema wamekuja kwa ajili ya keki tu. Kisha Ceinwen, na Wyn katika koti lake.

Wimbo wa kwanza ulianza kwa kusitasita. Ulipofika ubeti wa pili, alto zikaingia, na zilikuwa bado zinajiburuta kidogo. Tegwyn akaimeza lawama yake, akapunguza mwendo wa kuimba azingoje.

Alipoinuka kuomba, akafumba macho, akaanza moja ya sala zake ndefu. Katikati, sauti nzito ikapaa kutoka kiti cha pembeni.

"Tunaongoza?"

Watu wakakaza midomo. Ceinwen alimshika mumewe mkono, amekufa kwa aibu. Tegwyn alifumbua macho. Mzee yule wa miaka yote angalimkata mtu kwa jicho. Badala yake alimwinamia Wyn kwa upole.

"Tuko nyuma, Wyn. Nyuma sana. Ila kipindi cha pili ndiyo kwanza kinaanza."

"Basi wachezaji wapeane mpira," Wyn alisema, akaridhika, akaanza kufungua vifungo vya koti lake kwa mkono wake mwenyewe.

Kicheko kilichofuata kilikuwa amina bora kuliko zote zilizopata kutamkwa Cwmhelygen. Baada ya chai mambo yalijipanga yenyewe. Olwen akasema Alhamisi atakaa na mama yake Mair ili Mair akatengeneze nywele. Deiniol akajitolea gari lake. Tegwyn akachukua zamu ya kukaa na Wyn, na wawili hao wakawa wanangoja gari la mgodini pamoja, wakilalamika kwa furaha kwamba dereva amechelewa.

Majani yalipochipua, mjumbe wa makao makuu alifika na mkoba wake. Alipanda mlima akihema, akakuta mlango wa Bethania umefungwa na kikaratasi kimebandikwa kwa mwandiko wa Tegwyn: *Tuko chini.* Akadhani ni maneno ya kukata tamaa. Alipogeuka aondoke, upepo ukamletea wimbo wa watu wengi, kwa sauti zote nne za kwaya, kutoka mtoni.

Aliufuata wimbo hadi klabuni, akagonga paji la uso, akainama, akaingia. Kiti hakikuwapo. Deiniol akampa kreti ya bia aketi, Olwen akampa keki. Alitazama mikongojo iliyoegemezwa ukutani, na wagonjwa waliochangamka, na wauguzi wao waliokuwa, kwa saa moja, hawauguzi mtu. Mkoba wake hakuufungua.

"Nimeona kazi," alisema ibada ilipokwisha. "Bethania haiuzwi. Lakini shemasi, niambie: huu umati mliupataje, na kule juu mlikaa miaka yote hamuuoni?"

Tegwyn alijipapasa paji la uso, mahali penye alama ya ule mlango.

"Takwimu zilituonyesha ulipo," alijibu. "Shingo zetu ndizo zilikuwa ngumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."