Mpishi Aliyeonja Kila Sufuria

Ndugu zangu, kabla sijafungua Neno, nisikilizeni kidogo, maana leo limenichoma mimi kwanza.

Palikuwa na mpishi mkuu wa shule moja ya bweni, na chini yake kina mama sita. Mtu hodari, mwaminifu, hakuwahi kuondoka na hata kibaba cha mchele. Ila hakuna sufuria iliyoepuliwa bila yeye kuonja. Mama wa watu amepika miaka ishirini, anasonga ugali wa watoto mia nne, yeye anamnyang'anya mwiko. "Lete hapa! Ninyi bila mimi mngewalisha watoto matope." Kina mama wanacheka kidogo, wanasogea pembeni. Nani kati yenu hajawahi kuwa chini ya mtu wa namna hiyo? Na nani kati yetu si yeye?

Basi akaugua taifodi. Mkewe alishafariki, akawa anaishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya shule. Siku ya kwanza akajikongoja, akafagia, akapanga viti, akijua wenzake watakuja. Kila akisikia kandambili nje anajiinua kitandani. Zinapita. Siku ya tisa akakirudisha kila kiti ukutani.

Aliporudi kazini hakugusa mwiko. Alikaa juu ya gunia la maharage, akamwuliza mama aliyekuwa mkubwa wao: "Mama, siku zote zile, hata wa kunipa pole?"

"Tulikuja, mkuu."

"Mlikuja wapi? Usinidanganye."

"Mara tatu. Mgonjwa haendewi mikono mitupu, tukakupikia uji. Tukifika kwenye kona ya nyumba yako, huyu anasema sukari imezidi, yule anasema una mabonge, atatuumbua. Tukaogopa. Tukarudi nao, tukaunywa wenyewe. Ulikuwa mtamu, mkuu."

Wapendwa, mnasikia? Sisi tukipewa usimamizi kazini tunadhani tumeajiriwa kutafuta kosa. Tutalipata, kosa halikosekani. Lakini mtu unayemkosoa kila siku anajifunza jambo moja tu: kukaa mbali nawe. Mwonyeshe kazi, kisha mwachie. Akipatia, mwambie, na wenzake wasikie. Akikosea, mwite pembeni.

Nami naungama mbele yenu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini barua za katibu wetu nimezirudisha mara ngapi? Mwezi uliopita mke wangu alikuwa kwao msibani, nikala peke yangu wiki tatu, hakuna aliyebisha hodi. Nikapiga magoti nikawashitaki ninyi kwa Mungu, kwamba hamna upendo. Nisameheni.

Matangazo ya leo atayasoma katibu, jinsi alivyoyaandika yeye. Akikosea, mimi nitakaa kimya. Niombeeni, maana kwangu hapo ndipo pagumu.