Paka wa Bi Mwantumu na Futari Iliyorudishwa

"Paka akiacha panya, mtazame kinywa kabla ya kumtazama jirani." Methali hii ilianza hivi, na nyinyi mlioniuliza kaeni vizuri, maana mimi sirudii.

Huko Korogwe alikuwako Bi Mwantumu, muuza nafaka, mwanamke wa heshima ila mwepesi wa kudhani. Magunia yake yalilindwa na paka aitwaye Kapteni, kiboko ya panya. Ghafla Kapteni akaacha kazi. Panya wanampita puani, yeye kajikunyata tu. Kisha akaonekana barazani kwa jirani, Bi Sikudhani, akilamba mchuzi wa samaki.

Basi Bi Mwantumu akaamini kwamba jirani anamdekeza paka makusudi, ili ahamie kwake. Akamnunia shoga yake wa miaka ishirini! Ilikuwa Ramadhani, na hawa wawili walizoea kupelekeana futari kila jioni, huyu tambi, yule mihogo ya nazi. Mwaka ule sahani ya Bi Sikudhani ilirudishwa imefunikwa vilevile. Jamani, kurudishiwa futari! Mama wa watu alilia.

Siku ya kumi akapita bwana mifugo, akichanja mbwa mtaani. Bi Mwantumu akamshitakia paka wake mvivu na jirani anayempa mchuzi, akaomba amchukue paka huyo akamtupe mbali. Yule bwana akamkamata Kapteni, akamfungua kinywa, akamwita mwenyewe achungulie. Meno yamevaa ukoga mgumu kama ukoko wa sufuria, fizi zimevimba, jino moja limeoza.

"Huyu si mvivu, mama," akasema. "Ana njaa, hawezi kutafuna. Aliyekuwa akimpa mchuzi ndiye aliyemweka hai."

Bi Mwantumu alitamani ardhi immeze.

Kapteni akapelekwa kliniki, akachomwa sindano ya usingizi, ukoga ukakwanguliwa wote, jino bovu likang'olewa. Bwana mifugo akaagiza aletwe kila mwaka akaguliwe kinywa. Wiki mbili hazikuisha, panya wakahama wenyewe.

Lakini Bi Mwantumu hakungoja paka apone. Jioni ileile aliyochunguliwa kinywa, alipika tambi, akavuka uchochoro na kubisha hodi.

"Nimekukosea, shoga yangu. Nisamehe."

Bi Sikudhani aliitazama sahani, akamtazama mwenye sahani, akaipokea kwa mikono miwili.

"Ingia tufuturu," akasema. "Na siku nyingine, Mwantumu, paka akiacha panya, mtazame kinywa kabla ya kumtazama jirani."