Dhirari na Mkataba wa Miaka Saba

Wapokezi wa habari za watu wema wametusimulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Khurasani palikuwa na mfereji mmoja tu wa maji, na mitaa minne iliutegemea. Kila mwaka, siku saba baada ya Idi, mitaa hiyo ilishindana kwa mishale. Kila mtaa ulitoa watu wanane, kila mtu akapiga mishale kumi, na mtaa uliotia mishale mingi zaidi ndani ya duara ndio uliotangulia kufungulia maji kiangazi chote. Wa pili ulifuata, kisha wa tatu, na wa mwisho uliambulia matope. Kwa hiyo msidhani ulikuwa mchezo. Mama aliyekuwa na nguo za kufua na watoto wa kuogesha alijua vizuri sana mshale wa nani ulikosa.

Mmoja wa mitaa hiyo ulikuwa Mtaa wa Wafinyanzi. Walikuwa watu masikini wenye kumcha Mungu, na mfinyanzi asiye na maji ni mtu aliyekaa mbele ya vumbi. Wapiga mishale wao walikuwa wa mtaani humo humo, na mtaa uliwapa mkate na posho ndogo ili wapate nusu siku ya kujizoeza. Mmoja wao aliitwa Kuhaili bin Rafii, mtu mpole. Alitia mishale saba kati ya kumi. Mwaka huu saba, mwaka ujao saba. Hakuna aliyewahi kumtungia shairi mtu wa mishale saba.

Ikawa mwaka mmoja Dhirari bin Musafiri, mpiga mishale ambaye jina lake lilikuwa limefika mpaka Bukhara, alimaliza mkataba wake katika mji wa Herati, akawa huru kwenda atakako. Wauza Hariri, mtaa mwingine wa mji ule, wakamtaka. Wafinyanzi nao wakamtaka. Akaja na ngozi yake, kama ilivyokuwa desturi ya watu wale: kila mpiga mishale hodari alihifadhi ngozi ya shabaha aliyoipiga katika mwaka wake bora kuliko yote, na bei yake ilikadiriwa kwa kuhesabu matundu yaliyomo ndani ya duara. Ngozi ya Dhirari ikatundikwa sokoni, watu wakaizonga kama mkate wakati wa njaa.

Mkuu wa Wafinyanzi, Sheikh Hamduni bin Isa, mtu mwenye matanuri matatu na ndevu nzuri, aliyahesabu matundu kwa kidole chake mwenyewe.

"Mia mbili na thelathini na moja!" akasema. "Wallahi huyu hapigi mishale, huyu anashona!"

"Sheikh, Wauza Hariri wamempa miaka mitano," mtu akamnong'oneza.

"Sisi sita."

"Wameshasema sita."

"Basi saba! Na alipwe apate akose, awe mzima awe mgonjwa. Tuone nani atathubutu nane!"

Hakuna aliyethubutu. Na hakuna hata mmoja, katika soko zima lile la watu wenye akili timamu, aliyeuliza ngozi ile ilikuwa ya mwaka gani. Ilikuwa na umri wa miaka minane. Wafinyanzi waliahidi mkate wao wa miaka saba ijayo kwa ajili ya mishale iliyokwisha kupigwa, tena kwa faida ya mtaa mwingine, katika mji mwingine. Mtu asiniambie kwamba hawakujua. Hawakuuliza, na kutouliza kulikuwa hiari yao.

Ili zipatikane dirhamu za Dhirari, wapiga mishale watano waliondolewa kwenye posho, Kuhaili akiwa mmoja wao. Kuhaili akaenda kwa Sheikh Hamduni kwa adabu, akasema:

"Sheikh wangu, niruhusu swali moja. Huyu bwana, siku ya mashindano, atapiga mishale mingapi?"

"Kumi, kama kila mtu."

"Na akiwa katika uhodari wake wote atatia mingapi?"

"Tisa! Hata kumi, inshallah!"

"Mimi natia saba. Basi mmenunua mishale miwili, au tuseme mitatu, kwa mkate wa watu watano. Na sisi tukirudi kazini kutwa, nani atakuwa na muda wa kujizoeza kwa ajili ya nafasi zile?"

Sheikh Hamduni akamtazama kwa huruma, ile huruma inayoumiza. "Kuhaili," akasema, "wivu ni maradhi. Muombe Mola wako akuponye."

Watu wakacheka. Kuhaili akainama, akarudi kwenye gurudumu lake la kufinyangia.

Mke wa Kuhaili, Lubaba binti Adi, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa fundi wa mishale, na hapakuwa na mkono kama wake katika kupachika manyoya. Siku moja kabla ya mkataba kuandikwa, Dhirari alifika karakanani kwake kuagiza mishale.

"Vipimo vyako ninavyo," Lubaba akamwambia. "Fundi wa Herati aliniletea zamani."

"Ifupishe kwa upana wa vidole viwili."

Lubaba akaacha kufanya alichokuwa akikifanya. Kila fundi wa mishale anajua jambo hili: mtu mzima harefuki wala hafupiki mkono. Anayeomba mshale mfupi ni yule ambaye bega lake haliuvuti tena upinde mpaka mwisho.

"Ndugu yangu," akasema, "mkataba bado haujaandikwa. Waambie."

"Niwaambie nini, ewe binti Adi? Wamehesabu matundu. Bega langu hakuna aliyeliulizia."

Naye Lubaba akanyamaza. Alijua akisema, wataambiana: huyo anamtetea mumewe, anataka posho irudi nyumbani. Akaogopa maneno ya watu, akakata mishale kama alivyoombwa, akachukua ujira wake. Wasimulizi wanasema kosa hilo la Lubaba halikuwa dogo, na mwenyewe hakulifanya dogo kamwe.

Mwaka wa kwanza, kwa rehema za Mungu na upepo uliotulia, Dhirari alitia mishale minane, na Wafinyanzi wakashinda kwa mshale mmoja. Sheikh Hamduni alibebwa mabegani mtaa mzima. "Mnaona?" akawa anasema. "Mnaona?" Mwaka wa pili Dhirari alitia mitano. Wale wanne waliojaza nafasi nyingine za watano walioondolewa, wakiwemo muuza siki na mwadhini mwenye macho mabovu, walitia miwili, mitatu. Mtaa ukawa wa mwisho. Kiangazi kile wanawake wa Wafinyanzi walibeba maji kichwani kutoka chemchemi ya juu, mwendo wa asubuhi nzima, na matanuri mawili kati ya matatu ya Sheikh Hamduni yakapoa. Yeye akasema Dhirari alikuwa na uchovu wa safari. Safari gani, na mtu alikuwa na mwaka na nusu mjini? Lakini mtu aliyelipa sana huwa na masikio yake mwenyewe.

Yalipobaki majuma matatu kabla ya mashindano ya tatu, Dhirari alirudi karakanani kwa Lubaba.

"Punguza vidole viwili vingine," akasema, bila kumtazama.

"Sipunguzi."

"Nitakulipa mara mbili."

"Malipo yako ya kwanza ningali nayo, sikuweza kuyala," Lubaba akasema. "Nimeswali miaka miwili na mishale ile imenikaa kooni. Nilijua nikanyamaza. Nilijiambia nachunga siri ya mteja, na kwa kweli nilikuwa nachunga jina langu. Ukitaka fundi wa kukukatia, wako wengi. Mimi nimeona haya vya kutosha."

Kuhaili alikuwa pale pale nyuma ya gurudumu, mikono imejaa udongo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia habari ile, kwani mkewe hakumwambia hata yeye. Akanyanyuka, akanawa, akamsogelea Dhirari.

"Bega la kulia?"

"La kulia."

"Na linauma zaidi ukilala juu yake, na asubuhi huwezi kufunga kilemba?"

Dhirari akashangaa. "Nani kakuambia?"

"Gurudumu. Nusu ya wafinyanzi wanalo bega hilo." Kuhaili akaleta mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, akamketisha, akaanza kulikanda bega la mtu aliyemtoa kwenye nafasi yake. "Lilianza lini kukuuma?"

Dhirari akageuza uso.

"Nauliza nijue nikande wapi, ndugu yangu."

"Mwaka mmoja kabla sijaja kwenu," Dhirari akasema, akaanza kulia. "Kuhaili, nimekula mkate wako."

"Mkate wangu naula mwenyewe, naupata kwenye udongo huu. Wewe umekunywa maji ya watu." Akaendelea kukanda. "Hayo siwezi kukusamehe mimi. Si yangu."

Alipomaliza alimfunika bega kwa kitambaa cha sufu, akarudi kazini.

Ijumaa iliyofuata, Dhirari alimwendea Sheikh Hamduni kabla ya swala, akamweleza kila kitu. Alitarajia hasira. Badala yake Sheikh alimshika mkono na kumvuta pembeni.

"Nyamaza! Umeshamwambia nani?"

"Sheikh, mtaa utakuwa wa mwisho tena. Mwiteni Kuhaili na wenzake. Nivunjieni mkataba."

"Tuuvunje? Wauza Hariri watatucheka mpaka Siku ya Kiyama! Imebaki miaka mitano tu. Simama mstarini, piga utakavyopiga, mimi nitasema ni upepo."

"Na maji je?"

Sheikh Hamduni akamwachia mkono, akaenda kuketi safu ya kwanza. Angalieni jambo hili, enyi mnaosoma: aliona afadhali wanawake wabebe maji miaka mitano kuliko yeye abebe neno moja, nimekosea.

Swala ilipokwisha, Dhirari alisimama kabla watu hawajatoka. Akasema: "Enyi Wafinyanzi, niliwauzia kazi ya bega langu nikijua ni bovu. Muuza punda hulazimika kusema punda wake anachechemea. Mimi sikusema. Nawaomba msamaha, na miaka mitano iliyobaki si haki yangu."

Msikiti ukalipuka. "Tumenunua upinde usio na kamba!" mmoja akapiga kelele. "Kamba ipo, upinde ndio haupo!" mwingine akamjibu, na baadhi wakacheka kicheko kibaya. Kutoka safu za wanawake ikapanda sauti isiyocheka: "Kiangazi kizima nimebeba maji na mimba ya miezi minane! Kwa ajili ya bega la huyu!" Kicheko kikakatika. Dhirari hakujitetea. Alibaki amesimama, machozi yakidondoka ndevuni, nao wakamtazama mpaka wakachoka kumtazama. Ndipo, kidogo kidogo, macho yakaanza kumgeukia Sheikh Hamduni.

Sheikh alikuwa ameketi safu ya kwanza, uso kwenye mkeka. Kisha akasema kwa sauti ambayo walio nyuma hawakuisikia, ikabidi walio mbele wawarudishie maneno:

"Mimi sikumuuliza. Kuhaili aliuliza, nikamwita mwenye wivu."

Lubaba naye akasimama kule nyuma. "Na mimi nilijua," akasema, "nikakata mishale."

Mkataba ukavunjwa siku ile ile. Dhirari aliuza farasi wake na upinde wake mkubwa, na thamani yake ikatumika kuwalipa wanawake waliobeba maji kiangazi kilichopita. Kuhaili na wenzake wanne walirudishwa kwenye posho. Msitarajie muujiza. Walikuwa na majuma mawili tu ya kujizoeza, na mtaa ukawa wa pili. Kuhaili alitia saba.

Dhirari hakurudi Herati. Alibaki mtaani, akawa mchukuzi wa mitungi, akibeba kwa bega la kushoto. Inasemekana hakuna aliyemwajiri ila alimwambia kwanza: "La kulia halifai kitu. Sasa tuzungumze bei." Siku moja mfanyabiashara mgeni, asiyemjua, alimcheka.

"Ewe mzee, mbona wajiharibia soko? Sikukuuliza kuhusu bega lako."

"Najua hukuuliza," Dhirari akasema, na akainamisha macho kama mtu aliyefumaniwa jana. "Niliwahi kuliuza kwa wasiouliza."

Ndugu zangu, nilikuwa tayari kumkasirikia Dhirari, nikapanga na hoja zangu zote. Nilipofika mwisho sikuweza kumwinulia uso, kwa sababu yeye alisema. Wangapi miongoni mwetu tumevalishwa vyeo kwa sifa za miaka iliyopita, tukajua udhaifu wetu, tukanyamaza kwa kuwa hakuna aliyeuliza? Na wangapi tumemnunua mtu kwa jina lake, tukawanyima mkate wenye mishale saba, kisha tukasingizia upepo? Ewe Mola wetu, tupe haya kabla ya kuweka sahihi, na ikiwa tumekwisha kuiweka, tupe ulimi wa kusema.