Bundi wa Ghala la Namkunda

"Bundi akifukuzwa, panya hushangilia." Ndivyo nilivyosema, na nasema tena. Hebu wekeni chini hayo mawe kwanza. Bundi katua juu ya paa langu, si lenu, sasa papara ya nini? Kaeni, endeleni kula mahindi yenu, niwaambie methali hii ilianzaje.

Ilianzia hapahapa Upare, kwa bibi yangu Namkunda. Mwaka ule mvua za masika zilikatika mapema, na kila nyumba ikabakiwa na mahindi machache ya mbegu. Hayo hayaliwi hata watoto walie. Ukila mbegu, msimu ujao utapanda nini? Watu wakayafungia ghalani, wakasubiri vuli.

Wakati huohuo mume wake, babu Senzota, akaugua homa, akakonda akabaki mifupa. Hapo ndipo bundi alipohamia kwenye ghala lao. Jamani! Kijiji kizima kikajua Senzota hafiki vuli. Desturi yetu, bundi akilia kwako unatupa chumvi motoni na kumrushia kijinga cha moto, akatafute maiti kwingine. Nyumba zote zilifanya hivyo, na bundi wao wakahama.

Asubuhi moja dada yake Senzota, Nakiete, akaja mbio, kijinga kinafuka moshi mkononi.

"Wifi, unangoja nini? Unataka nimzike kaka yangu?"

Namkunda akaanza kulia. Alimpenda mume wake yule, msidhani mapenzi yameanza na nyie. Akachota chumvi. Ndipo sauti ikatoka mkekani, pale uani mgonjwa alipokuwa akiota jua.

"Nakiete, rudisha moto jikoni."

"Kaka, huyo amekufuata wewe!"

"Mimi nalala hapa kutwa, sina kazi ila kumtazama. Kila jioni namwona na panya kinywani. Kama kaja kunichukua mimi, panya wa nini?"

"Usifanye mzaha na kifo!"

"Si mzaha. Nikifa, nitakufa kwa homa. Lakini panya wakimaliza mbegu, mke wangu atakufa kwa njaa, na wewe utamfuata."

Nakiete akaondoka kwa hasira, hata kwaheri hakuaga. Namkunda akarudisha chumvi chunguni, ingawa aliniambia mwenyewe kwamba kila bundi alipolia alimgusa mumewe kifuani kuhakikisha anapumua.

Vuli ikaja. Watu wakafungua maghala. Salaale! Magunzi matupu. Nyumba hadi nyumba, ni magunzi na mavi ya panya. Kwa Namkunda mahindi yalikuwa yaleyale, na chini yake vifupa vya panya vimejaa. Na aliyefungua ghala ni Senzota mwenyewe. Alikuwa na mkongojo, ndiyo, lakini alikwenda kwa miguu yake.

Wa kwanza kuja na kikapu kitupu alikuwa Nakiete. Akasimama uani. Namkunda hakumsimanga. Alimjazia kikapu, akawagawia na majirani, mpaka mwenyewe akabakiwa na mbegu za shamba moja dogo. Nakiete akainua macho darini mwa ghala, machozi yanamtoka.

"Ahsante, mgeni wetu," akasema. "Tulidhani tunafukuza kifo, kumbe tulikuwa tunafukuza mlinzi. Panya walishangilia, na sisi tukashangilia pamoja nao."

Watu wakacheka, wakalia, wakaenda kupanda. Mwaka ule hakuna aliyekufa njaa.

Hayo mahindi mnayotafuna ni uzao wa mbegu zile. Bibi alimpa mama, mama akanipa mimi. Kila nikivuna namshukuru Mungu kwa ajili yao wote, na kwa yule ndege mwenye macho makubwa ambaye hakuna aliyempikia hata siku moja.

Haya, sikilizeni, analia tena. Nani bado ana jiwe? Litupe huko, umwambie karibu. Bundi akifukuzwa, panya hushangilia.