Sahani Iliyofunikwa

Wapendwa, leo nitawasimulia habari moja tu, na mniwie radhi, haina furaha.

Alikuwapo mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya mjini, na kazi yake aliiweza. Siku moja aliandika ubaoni neno 'wait'. Ninyi nyote mnalijua, hata ambao hamkusoma, maana yake ni kungoja. Lakini yeye hakuridhika na hapo. Akawaeleza wanafunzi kwamba neno hilo liliingia Uingereza na watu kutoka Ufaransa, na kwamba zamani lilikuwa neno la mlinzi, la mtu aliye macho, anayetazama njia.

"Anayengoja hajakaa bure," akasema. "Yuko kazini."

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na yule anayengojwa, yeye afanye nini?"

"Yeye ni kuja tu," mwalimu akajibu, na darasa zima likacheka.

Sasa mwalimu huyu alikuwa na mama yake kijijini, na mama huyo anaishi na mdogo wake wa kike. Mnajua desturi yetu: aliye safarini huwekewa chakula chake. Mama alikuwa akipakua ugali na kisamvu, anajaza sahani ya mwanawe, anaifunika kwa sahani nyingine, ndipo na yeye anakula.

Mwalimu akipiga simu, mazungumzo ni yale yale.

"Unakuja lini, baba?"

"Ningoje, mama. Shule ikifunga tu nakuja."

"Haya. Nakungoja. Chakula chako nakuwekea."

Shule ikafunga, kukawa na tuisheni. Tuisheni ikaisha, kukawa na kamati ya harusi. Mnacheka nini? Kamati hizo mnazikalia ninyi. Mama mdogo akampigia, akamwambia, "Dada siku hizi anasahausahau." Mwalimu akajibu, "Ni uzee huo, mama mdogo." Akatuma kitenge na sukari.

Mwisho akaenda. Alifika mchana, njaa inamuuma, akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda anatazama njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Akadhani anataniwa. "Mama, ni mimi mwanao."

Mama akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba. "Mwanangu ni mwalimu, yuko mjini. Ameniambia nimngoje."

Mwalimu akamgeukia mama mdogo. Mama mdogo akatazama chini. Mwalimu akaingia ndani, akaiona sahani yake mezani, imefunikwa. Akanyoosha mkono aifunue. Mama, aliyemfuata nyuma, akamshika mkono.

"Hicho hapana, mgeni. Hicho cha mwanangu. Wewe kaa, nakupikia kingine."

Akaenda jikoni kuchochea moto. Mwalimu akabaki ameketi mbele ya chakula chake mwenyewe, na hana ruhusa ya kukigusa.

Mtaniuliza, mchungaji, baadaye mama alimkumbuka? Hakumkumbuka. Mwalimu alikaa naye likizo nzima, na kila jioni mama alimpakulia mgeni, akamfunikia mwanawe. Nimetafuta mwisho mwingine wa kuwapa, sikuupata. Mwana amefika, na mama bado anamngoja. Nani atamwambia aache?

Sisi katika kanisa hili tunapenda kuimba kwamba tunamngoja Bwana. Tunaimba vizuri, na macho tunafumba. Lakini ni nani anatungoja sisi? Ni mzee gani, ni mke gani, ni ndugu gani tuliyegombana naye, tuliyemwambia "ningoje", naye akatuamini? Tunadhani tukichelewa tutamkuta pale pale, yule yule. Hatutamkuta. Tutakuta kigoda na mtu juu yake, na huyo mtu hatatujua. Hapo tutalia, na kulia kwetu hakutamsaidia yeye wala sisi.

Mwalimu alijua neno lile lilikotoka, alijua maana yake na matumizi yake. Hata swali la yule binti alilijibu vizuri. Yeye ni kuja tu.

Kwa hiyo leo sitawaombea. Mwenye mtu anayemngoja ainuke sasa hivi aende, sadaka atatoa Jumapili nyingine. Mlango uko wazi.

Naona bado mmekaa.